Mkamua Nazi na Somo Yake

Mtaani kwetu Mjambere hakuna ngozi isiyomjua Kaviha. Mtoto akitoka harara za joto, apelekwe kwa Kaviha. Bibi harusi akitaka kung'ara, kwa Kaviha. Mzee akipasuka visigino mpaka vinashika shuka, ni huko huko kwa Kaviha, akapewe kichupa cha mafuta ya nazi yaliyotengenezwa kwa mkono, si yale ya dukani yanayonukia kama sabuni ya wageni. Nazi alizikuna mwenyewe juu ya mbuzi, tui akalikamua kwa kifumbu, akalichemsha kwa moto mdogo mpaka mafuta yakajitenga na kupanda juu, maangavu. Akianza kukusifia mafuta yake utadhani amsifia mtoto wake wa kwanza. Na hakuwa mwongo, yalikuwa mafuta mazuri. Kosa lake lilikuwa kwingine, na ndilo lililonikalisha hapa kusema.

Mvua za masika zilipokuwa zikikatika, utumbo wa Kaviha ulijisokota. Akapelekwa hospitali akipiga mayowe, akalazwa, akapasuliwa. Madaktari wakakata sehemu iliyokwisha kufa, na ncha ya utumbo mzima wakaitoa nje ya tumbo, upande wa kulia, ikawa kama kidomo chekundu chenye unyevu. Tangu hapo choo chake kikawa chapitia pale, chepesi kama uji, kikitaka chenyewe, si akitaka yeye. Juu ya kidomo hubandikwa mfuko wenye gundi, ukijaa humwagwa, ukichakaa hubanduliwa ukawekwa mwingine. Kaviha alikiita kile kidomo "mgeni."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alimwambia mwanawe Tsuma siku ya kutoka hospitali, akacheka. Tsuma naye akacheka, akaamini mama yake amepona. Ni nani hatamwamini mtu anayecheka?

Basi mgeni hakuwa na neno. Ngozi iliyomzunguka ndiyo iliyoasi. Ilianza kuwasha, ikawa nyekundu, ikatoa majimaji, kisha ikachoma kama iliyosiribwa pilipili. Sasa niambie, mkamua mafuta akichomwa na ngozi yake afanye nini? Umeshajibu. Kila alipobadilisha mfuko, Kaviha alichovya vidole viwili kwenye chupa, akapaka pale polepole kwa kuzungusha, akangoja yanywewe, ndipo akabandika. Mfuko ulishika kwa muda, kisha ukaanza kuachia ubavuni. Choo kikapenya chini ya gundi, kikatulia juu ya ngozi, kikaila. Ikiliwa zaidi apaka zaidi, akipaka zaidi mfuko wateleza zaidi, na hakuona! Mganga hajigangi, walisema waliotutangulia, na mimi naongeza: wala haulizi.

Maana alipata nafasi ya kuuliza. Alipokwenda kliniki kule Frere Town kukaguliwa mshono, Sista Lavender, muuguzi wa pale, alimwuliza kama kuna dawa yoyote anayopaka karibu na mfuko, naye akajibu, "Sipaki dawa, mwanangu." Moyoni mwake hakusema uongo. Sisi watu wa pwani mafuta hatuyahesabu kuwa dawa. Mtu huoga akajipaka, kama vile huoga akavaa. Ni nani humweleza daktari kwamba leo amevaa nguo? Akaulizwa kama mfuko washika vizuri, akasema washika. Hapo sasa alidanganya, kwa haya tu, akafunga leso yake akarudi nyumbani.

Siku zilizofuata zilimpita kama mvuke. Alishinda kitandani, madirisha yamefungwa nusu, mabati yakialika kwa jua la mchana, na usingizi ukimjia na kumwacha bila hodi. Nje mchota maji alipita akisukuma mkokoteni wake, mitungi ikigongana. Kaviha alisikia ile milio ikienda mbali, mbali zaidi, mpaka ikawa nazi zinazoanguka katika shamba la baba yake kule Kaloleni. Zilianguka bila kishindo, moja baada ya nyingine, kwenye nyasi ndefu zenye umande. Aliinama akaokota moja. Ikamponyoka. Akaokota nyingine, nayo ikamponyoka, na viganja vyake viling'aa kwa mafuta mpaka kwenye viwiko. Kisha akaona aliyoinamia si nazi, ni mtoto mchanga aliyefungwa leso, macho wazi, amtazama. Akamwinua. Mtoto akateleza mikononi mwake taratibu, bila kulia, akazama kwenye nyasi.

Aliamka leso imelowa ubavu mzima. Akajua mfuko umeachia tena. Akajifuta, akapaka mafuta, akabandika, akalia.

Sasa huyo mtoto wa ndotoni hakutoka hewani. Ruth, mke wa Tsuma, alikuwa amejifungua kule Mkomani, mtoto wa kike, mjukuu wa kwanza, na kwa desturi ya kwao akapewa jina la mama wa baba. Kaviha mdogo akawa somo wa Kaviha mkubwa. Katika mlango wa ukoo wao kuna sharti moja tangu zamani: mtoto hatolewi nje ya nyumba mpaka somo yake ampakate na kumpaka mafuta kwa mkono wake mwenyewe, utosini hadi nyayoni. Kaviha alikuwa amekaa miaka akiingoja siku hiyo. Mafuta ya mtoto alikuwa ameshayachagulia nazi kabla hata Ruth hajaonyesha tumbo.

Na siku ilipofika, hakwenda.

Kwanza alisema ana mafua, asije akamwambukiza mtoto. Halafu akasema barabara ina matope. Halafu goti. Tsuma alipiga simu kila jioni, "Mama, waja lini?" naye akijibu, "Nitakuja mwanangu, inshallah." Mkristo wa ubatizo mkamilifu yule, lakini pwani ni pwani, na inshallah ndiyo ahadi ya mtu asiyetaka kuahidi. Kitovu cha mtoto kikaanguka, kikafukiwa. Ruth akawa bado yuko ndani na mwanawe, joto lote lile. Upande wa Ruth wakaanza kunong'ona. Ikasemwa Jumapili ya mwisho wa mwezi mtoto atatolewa, awepo Kaviha asiwepo. Asipokuwepo, atampakata Mbeyu, mama wa Ruth, na jina nalo ligeuzwe, aitwe Mbeyu.

Kaviha alipoyasikia hayo alitaka kuondoka saa ile ile. Lakini nenda ukafanye nini? Alijiona moyoni amekaa katikati ya watu, mtoto mapajani, kisha ule umajimaji wa moto upenye, ushuke, umfikie yule malaika. Atamchafua. Atanuka mbele ya wakwe. Watamchukua mtoto mikononi mwake kwa upole ule wa kumwondolea mgonjwa sahani. Afadhali aitwe mwenye roho mbaya kuliko apatwe na hilo. Ndivyo alivyofikiri, na kwa kweli nilitamani mtu amtikise.

Aliyekuja kumtikisa ni Tsuma. Alikuja adhuhuri moja, amevaa bado fulana ya kazi ya bandarini, hakuketi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Mbona umekuja na jua?"

"Ruth analia," alisema Tsuma. "Asema humtaki mtoto. Asema tangu mwanzo hukumtaka yeye, na sasa hutaki hata jina lako likae kwa mwanawe. Nimemtetea mpaka nimeishiwa na maneno. Niambie mimi mwanao. Ni kweli?"

Kaviha alifungua mdomo amjibu habari ya goti. Goti halikutoka. Kilichotoka ni kilio, kile cha mtu mzima kisicho na sauti, mabega tu yakipanda na kushuka. Tsuma akapiga magoti chini, akashikwa na hofu.

"Mama! Ni nini?"

Mficha uchi hazai. Lakini ni rahisi kuusema msemo huo ukiwa hujakaa mbele ya mwanao wa kiume, na tumbo lako ndilo la kufunuliwa. Kaviha aliangalia ukutani. Akalegeza fundo la leso, akaiteremsha upande wa kulia, akafunua.

Tsuma aliona mfuko umekaa upande, mkunjo wa gundi umeinuka, na pembeni yake ngozi ya mama yake mbichi, nyekundu, inayong'aa, kama mtu aliyemwagikiwa maji ya moto. Alitaka kugeuza uso. Hakuugeuza.

"Tangu lini?"

"Tangu nitoke."

"Na ulikuwa ukicheka!"

"Ningefanyaje?" Kaviha akasema. "Mwanangu, natamani kumpakata yule mtoto hadi kifua chaniuma. Nalala naye, naamka naye. Lakini nikimweka hapa, nitamchafua. Mimi nimekuwa mtu wa kuvuja."

Tsuma alimfunika leso kwa mikono yake, akaifunga fundo vibaya kama wanaume wafungavyo. "Vaa viatu," alisema. Akaenda barabarani kutafuta tuktuk.

Kliniki ya Frere Town mchana ule ilikuwa kimya, feni yazunguka kwa uvivu juu ya mabenchi. Sista Lavender, mtu wa Kisumu mwenye mwendo wa haraka na mikono ya taratibu, alimlaza Kaviha kwenye kitanda cha pazia, akavaa glavu, akaanza kuubandua mfuko kutoka juu, huku mkono mwingine ukiikandamiza ngozi isivutwe. Mfuko haukuhitaji kubanduliwa. Ulikuja wenyewe. Lavender akaugeuza, akaunusa ule upande wa gundi, akainama akanusa na hewa ya pale tumboni. Kaviha alitamani ardhi ipasuke.

"Mama, hapa umepaka nini?"

"Sijapaka kitu."

"Mama. Hapa pananukia wali wa nazi."

"Aa, hayo ni mafuta tu!" akasema Kaviha. "Mafuta nayo ni kitu?"

Lavender alimtazama, akacheka mpaka akalazimika kushika kitanda, na Tsuma nyuma ya pazia akakohoa ili naye asicheke. Kaviha alikasirika. Alikasirika kwelikweli. Kucheka tumbo lake, sawa, lakini mafuta yake!

"Nisamehe, mimi ndiye nilikuuliza vibaya," Lavender alisema, akifuta macho kwa mkono wa gauni. "Mafuta yako sina shaka nayo. Dada yangu huyatumia kichwani. Lakini gundi hii inataka kushika ngozi, na wewe umeweka mafuta katikati. Itashika wapi? Inateleza, choo kinaingia chini, na choo cha hapa kina makali, kinakula ngozi kama vile kinavyokula chakula tumboni. Wewe unasikia moto, unaongeza mafuta. Unaona?"

Kaviha aliona. Aliziona nazi zikimponyoka kwenye nyasi, na mtoto akiteleza mikononi, na mafuta mpaka kwenye viwiko. Akafumba macho. Kumbe siku zote hizo alikuwa akiambiwa, naye adhani anatabiriwa mabaya.

"Na kitu kingine," Lavender akaendelea, akichukua karatasi ngumu yenye matundu ya kupimia na kuizungusha juu ya mgeni. "Bado unakata tundu la mfuko kwa kipimo kile cha hospitali?"

"Kile kile walichonipa."

"Basi kimekuwa kikubwa. Siku zile hapa palikuwa pamevimba, sasa pamenywea. Ngozi imebaki wazi pembeni, na choo kinakaa hapo. Tundu limkumbatie huyu mwenyewe, lisimkabe na lisimwache uchi."

Akamwonyesha, tena kwa mikono ya Kaviha, si ya kwake. Maji ya vuguvugu matupu, sabuni ya manukato hapana. Kukausha kwa kugusagusa, si kusugua. Unga mwepesi wa dawa pale palipochubuka, kisha kuupukuta, maana nao ukizidi gundi haishiki. Kubandika, na kuweka kiganja juu yake kitulie hapo mpaka joto la mkono liamshe gundi. Kumwaga mfuko kabla haujafika nusu. Na ukisikia kuwasha, bandua utazame, usingoje uvuje.

"Na mafuta?" Kaviha aliuliza mwisho, kwa sauti ndogo.

"Mwili mzima jipake utakavyo, mama. Hapa tu paache pakavu."

Pakavu! Mwambie mvuvi asiloe. Maisha yake yote Kaviha alijua ngozi kavu ni ngozi ya mtu asiye na mwenyewe, mtoto mwenye miguu ya vumbi nyeupe ambaye watu humuuliza mama yako yuko wapi. Siku za kwanza mkono ulikwenda kwenye chupa wenyewe, akaurudisha. Ukaenda tena, akaukemea kwa sauti, "Wee, hebu!" Mwishowe aliitoa chupa chumbani, akaiweka jikoni nyuma ya sufuria kubwa, kama mtu anayemficha mtoto sukari.

Alijifunza saa za mgeni. Asubuhi, kabla hajatia kitu kinywani, mgeni hulala. Ndipo Kaviha alipobandua, akaosha, akakaa kitandani tumbo wazi mbele ya dirisha, na upepo ukaingia. Hakuwahi kukaa hivyo tangu utoto. Pazia lilivuta pumzi na kuitoa. Nje kuku walichakura, kwaya ya kanisa la jirani ilirudia ubeti ule ule, ikikosea palepale. Alimtazama mgeni akijikunja na kujikunjua taratibu, mwekundu, hai, kama kitu cha baharini kilichoachwa na maji kupwa, na kwa mara ya kwanza hakumchukia. Alimwona kama kitu kilichochelewa kuzaliwa. Usingizi ulimchukua hapo hapo alipokaa, na hakuota anateleza. Aliota amelala chali juu ya mchanga wenye joto, amekauka, mwepesi, na hakuna kinachomwuma.

Moto ukapungua. Majimaji yakakoma. Uwekundu ukawa hudhurungi, kisha rangi yake mwenyewe ikaanza kurudi kutoka pembeni, taratibu, kama mtu anayerudi nyumbani huku hana hakika atapokewa. Mfuko ukashika, ukashika hata siku ya pili. Kaviha alipoubandua ukamvuta kidogo, na ule mvuto wenyewe ukamfurahisha, akasema peke yake, "Ahaa, leo wang'ang'ana!"

Jumapili ya mwisho wa mwezi Tsuma alikuja kumchukua. Kaviha alivaa leso mpya, akabeba mafuta ya mtoto kwenye kikapu. Kwa kumtazama mtu angesema ametulia. Moyoni, jamani, mlikuwa mkipigwa ngoma.

Nyumba ya Mkomani ilijaa. Mbeyu, mama wa Ruth, alikaa karibu na mlango wa chumbani, amejifunga tayari, akamsalimu Kaviha kwa adabu yote na tabasamu nusu. Ruth alitoka na mtoto. Macho yake yalikuwa mekundu. Tsuma alikuwa ameshamweleza, lakini kuelezwa ni kitu kimoja na kuona ni kitu kingine. Alisimama mbele ya mkwewe, amemkumbatia mwanawe, kama anayeuliza.

"Nipe, mwanangu," alisema Kaviha. "Nimemchelewesha mno."

Akapewa.

Alikuwa mzito kuliko yule wa ndotoni. Alikuwa na joto, na alinuka maziwa, na kichwa chake kilikaa kwenye kiganja kama kilichopimiwa hapo. Kaviha akamlaza mapajani, akamimina mafuta, akaanza utosini. Vidole vyake vikaenda wenyewe, paji la uso, nyuma ya masikio, mikunjo ya shingo, kifua kidogo kinachopiga mbio, na chumba kikamwondokea, watu na viti na nong'ono zao, wakabaki wawili tu, Kaviha na Kaviha, katika nuru ile ya dirishani.

Ndipo mgeni akatoa sauti.

Haikuwa ndogo. Ilitoka chini ya leso, ndefu, yenye mkato mwishoni, na chumba kizima kiliisikia. Mikono ya Kaviha ikakwama. Damu ikampanda usoni. Mtu alisogeza kiti. Mbeyu alikuwa ameshainuka nusu, mikono mbele, kwa upole ule ule aliouogopa.

Mtoto akakunja uso. Akawa mwekundu, akajikaza, miguu ikapanda, na kwa sauti ile ile, ndefu, yenye mkato mwishoni, akaachilia yote aliyokuwa nayo, choo cha manjano, chepesi kama uji, juu ya leso mpya ya bibi yake.

"Yallah! Samahani mama!" Ruth alipiga kelele, akaruka na kitambaa. "Nipe, nipe nimchukue, amekuchafua!"

"Mwache!"

Ilikuwa sauti ya Kaviha, na ilikuwa na kicheko ndani yake, kicheko cha kweli safari hii, kilichomtikisa tumbo zima, mgeni na mfuko na vyote, na hakuna kilichoachia.

"Mwache hapa hapa. Si somo yangu? Mimi na yeye ndivyo tulivyo."

Ruth akasimama na kitambaa mkononi. Akamtazama mkwewe, akatazama leso, akaangua kicheko na kilio pamoja, akakaa sakafuni kando ya magoti yake. Mbeyu akarudi kwenye kiti chake polepole. Kaviha akaomba maji ya vuguvugu. Akamwosha mjukuu wake, akamkausha kwa kumgusagusa, akammalizia mafuta hadi nyayoni, akamwinua, akamlaza kifudifudi juu yake, tumbo kwa tumbo, upande wa kulia, na mtoto akalala.